Tupeane uzoefu: matembezi mepesi ya Bakewell na vijiji vyake, Derbyshire

Mtoka_Kisarawe
Wakuu, heshima mbele. Kila ikifika Ijumaa watu wanaulizana wapeleke wapi familia bila kumaliza mshahara, na majibu ni yale yale: maduka makubwa na sinema tu. Mimi niko Sheffield, Uingereza. Saa moja hivi kwa basi nafika Bakewell, kamji kadogo ka soko katikati ya hifadhi ya Peak District. Naomba tumwage uzoefu wa matembezi mepesi ya pale. Sisemi kupanda milima, nasema njia ambazo hata mwenye goti bovu anaziweza.

Naanza mimi. Kuna njia inaitwa Monsal Trail, zamani ilikuwa reli. Treni zilianza kupita miaka ya 1860, ikafungwa 1968, reli zikang'olewa, ikabaki njia tambarare ya waenda kwa miguu, baiskeli na farasi, karibu kilomita 14. Unaanzia stesheni ya zamani ya Bakewell, unakwenda taratibu mpaka handaki la Headstone, karibu nusu kilomita. Mahandaki ya njia hiyo yalifungwa miaka mingi, yakafunguliwa 2011. Mchana taa zinawaka, ila hata Julai humo ndani utatafuta sweta, na matone yanakuangukia utosini. Ukitokea upande wa pili, hamadi, uko juu ya daraja la matao matano na mto Wye uko chini kabisa. Lilipojengwa, mwandishi mmoja Mwingereza, John Ruskin, alifoka kwamba bonde zima limeharibiwa ili kila mpumbavu wa mji wa Buxton afike Bakewell kwa nusu saa. Leo watu wanapishana kulipiga picha.

Karibuni.

MamaPacha_Derby
Mwanzisha mada umenikumbusha mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Moshi. Nyumbani alikuwa amechoka kukaa na televisheni, tukampeleka Bakewell. Hatukufika mbali, ni pale pale kando ya mto. Njia imesakafiwa, mabenchi yapo, pacha wangu kwenye kigari chao bila shida. Mama akainamia maji karibu na daraja la zamani, akaona samaki aina ya trauti wamejipanga, wanene, wanapunga mikia tu. "Hawa watoto wa hapa hawana ndoano?" Mume wangu akamweleza kwamba uvuvi wa mto ule ni haki ya wenyewe, lazima ulipie kibali. Akaguna. Siku nzima aliendelea kuhesabu samaki ambao wangetosha kitoweo.

Tahadhari kwa wenye watoto: bata wa pale hawana adabu. Ukifungua mkate umekwisha.

Jicho_la_Mwewe
Nimetembea tangu darasa la kwanza kufuata shule na maji, leo nilipe nauli nikatembee tena? Mtanisamehe.

MamaPacha_Derby
@Jicho_la_Mwewe usije basi, shemeji, tutakuletea picha 😂

Ng'ombe_wa_Tarime
Mimi ndiye mtu sahihi wa uzi huu, maana nilienda kwa ajili ya ng'ombe. Bakewell Jumatatu ni siku ya gulio, na mnada wa mifugo unafanyika siku hiyo hiyo. Mtu wa mnada ni mtu wa mnada popote: wazee wamevaa kofia, fimbo mkononi, wanamtazama ng'ombe kuanzia kwato kwenda juu bila kusema neno, na dalali anaongea kwa kasi ambayo hata Mwingereza mwenzake anamwomba arudie.

Baada ya hapo nikashika njia ya mashambani kwenda kijiji cha Ashford-in-the-Water, kilomita tatu hivi kufuata bonde la mto. Hapo ndipo penye jambo la kuona. Kuna daraja dogo la mawe la enzi za farasi wa mizigo, Sheepwash Bridge, na ubavuni mwake kuna zizi la mawe linaloingia mtoni. Walikuwa wanaogeshea kondoo hapo kabla ya kuwakata manyoya. Wanawafungia wana-kondoo upande mmoja, mama zao wanatupwa majini ng'ambo ya pili. Kondoo hapendi maji hata kidogo, lakini akisikia mwanawe analia atavuka tu, na manyoya yanasafika njiani. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Ni akili ya mfugaji kabisa ile, haihitaji digrii.

Sasa niseme la usalama, maana watu wa mjini mnajua ng'ombe wa kwenye pakiti ya maziwa. Njia nyingi zinapita katikati ya malisho. Ng'ombe mwenye ndama usipite kati yake na ndama wake, zunguka mbali, usikimbie. Kama una mbwa na ng'ombe wanakufuata, mwachilie mbwa aende. Yeye atajiokoa, wewe huna mbio hizo.

Binti_Malindi_Unguja
Assalaam alaykum jamaa. Mie swali langu lilikuwa hilo hilo: nipite vipi katika shamba la mtu? Mara ya kwanza nilisimama getini nikaona haya, nikisubiri mwenyewe atoke nimwombe ruhusa. Akaja bibi mmoja mzee na fimbo mbili, akanambia pita mwanangu, njia hii ni ya watu wote.

Mzee_Kipara
@Binti_Malindi_Unguja ni kweli, na haikuja kwa kuombwa. Haki ya kupita njia za zamani ipo kisheria: shamba ni la mtu, njia ni ya umma, mwenye shamba haruhusiwi kuiziba. Kwenye vilima vya wazi ndiko kulikuwa na ugomvi. Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wafanyakazi wa Manchester, walipanda kilima cha Kinder Scout, hapo hapo Peak District, kwa makusudi, kuvamia ardhi ambayo matajiri waliitenga kwa kuwindia ndege. Watano wakafungwa. Mwaka 1951 eneo hilo likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Ukiona mshale wa njano kwenye nguzo, ni njia ya miguu. Wa buluu, farasi na baiskeli nao wanaruhusiwa. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, basi, huna deni na mtu.

Binti_Malindi_Unguja
Ahsante mzee wangu. Basi nami nichangie: kutoka Bakewell kwenda jumba la kifahari la Chatsworth ni kilomita tano hivi. Mwanzo kuna mlima kupitia msituni, pumzi itakutoka, lakini ukishavuka kileleni ni mteremko mtupu hadi kijiji cha Edensor. Makaburini kanisani amezikwa Kathleen, dadake Rais Kennedy wa Marekani, aliyeolewa na mtoto wa mwenye jumba. Kennedy mwenyewe alikuja kuzuru kaburi 1963. Kuingia jumbani na bustanini ni pesa, lakini uwanda wa mbele wenye kondoo na kulungu ni bure. Sisi tulitandika mkeka tukala katlesi zetu na chai ya chupa. Watu wanaopita wote wanakusalimia, jambo ambalo London silioni.

Wanjiku_Leicester
Jameni, hakuna mtu ametaja thabai, ile mimea inayowasha ukiigusa! Zimejaa kando ya njia kuanzia Mei, ndugu wa zile za kwetu Kinangop, Kenya, na zinauma vilevile. Nilivaa kaptura siku hiyo. Wenyeji walinichumia jani pana linaitwa dock nisugue. Kama lilinisaidia au la siwezi apa, lakini lilikuwa baridi. Vaeni suruali ndefu, na mkirudi mkaguliwe kupe.

Na viatu: mvua ikinyesha usiku, mashambani ni tope tupu. Raba nyeupe ziache.

Jicho_la_Mwewe
Hiyo ya kondoo imenivuta kidogo. Disemba panafaa?

Mtoka_Kisarawe
@Jicho_la_Mwewe panafaa, ila saa kumi jioni giza limeshaingia, na taa za mahandaki huzimwa jioni. Toka asubuhi, beba tochi, na kabla ya yote angalia ratiba ya basi la kurudi. Basi la mwisho likikupita, treni hakuna: stesheni ile tuliyoanzia ndiyo iliyofungwa.

Ng'ombe_wa_Tarime
Njoo Jumatatu, mkuu. Mnadani kuna chai.