Marekani kabla ya 1861: kwa nini ugomvi wa utumwa ulikuwa ugomvi wa ardhi ya magharibi?

Mwalimu wa Historia, Mtwara
Habari za jioni wanajukwaa. Wanafunzi wa kidato cha sita huandika kwamba Kaskazini walitaka kufuta utumwa, Kusini wakakataa, vita vikaanza. Jibu hilo halielezi kwa nini wabunge waligombana miaka 40 juu ya ardhi za mbali, ambako watumwa walikuwa wachache mno. Naomba mpangilio wa kulifundisha kwa vipindi viwili, lisiwe orodha ya tarehe.

Msomaji wa Lindi
Mwalimu, shikamoo. Anza na Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Bunge la Marekani, mashamba ya pamba yafuate. Kila jimbo, kubwa au dogo, lilikuwa na maseneta wawili. Baraza la Wawakilishi lilifuata idadi ya watu, na huko Kaskazini iliongoza ingawa Kusini ilihesabiwa watu watatu kwa kila watumwa watano. Ngome ya Kusini ilibaki Seneti. Mwaka 1819 majimbo yalikuwa 11 kwa 11, Missouri ikaomba kuingia na watumwa wake. Mwaka 1820 wakapatana: Missouri iingie na utumwa, Maine iingie bila utumwa.

Sasa chora ramani ubaoni. Paka rangi Louisiana, ardhi iliyonunuliwa kwa Wafaransa mwaka 1803. Piga mstari kwenye latitudo ya digrii 36 na dakika 30 kaskazini, ambao ni mpaka wa kusini wa Missouri. Juu yake, ukiiacha Missouri, utumwa marufuku. Kisha waulize: chini ya mstari Kusini imebakiwa na nini? Wataona Arkansas, iliyokuwa jimbo mwaka 1836, na nchi ambako Wenyeji wa Amerika walihamishiwa kwa nguvu baada ya sheria ya 1830. Basi. Hapo mwanafunzi anaelewa mwenyewe kwa nini wenye mashamba waliitolea macho Texas, iliyoingia mwaka 1845.

Kosa linaloharibu majibu mengi ni kudhani mstari ule ulifika hadi Pasifiki. Ulihusu ardhi ya 1803 tu. Marekani ilipoinyang'anya Meksiko California na maeneo jirani kwa mkataba wa 1848, hapakuwa na kanuni yoyote juu ya ardhi hiyo. David Wilmot, mbunge wa Kaskazini, alikwishapendekeza mwaka 1846 kwamba utumwa usiingie humo. Wawakilishi wakapitisha, Seneti ikakataa.

Mdau wa Mikindani
Nakubaliana na ndugu wa Lindi. Niongeze kwamba Wilmot hakuwa akiwatetea Weusi. Alitaka ardhi iwe ya Wazungu wafanyao kazi kwa mikono yao. Oregon ilikataza utumwa katika katiba yake ya 1857, na katiba hiyohiyo ikawakataza Weusi kuhamia. Wanafunzi wasipofahamishwa hili watawapamba watu wa Kaskazini kwa sifa ambazo wengi wao hawakuwa nazo.

Mwaka 1850 usiwapitishe haraka. California iliingia bila utumwa, mizani ikawa 16 kwa 15, na Kusini ikalipwa kwa sheria kali ya watumwa watoro. Mtuhumiwa hakuwa na baraza la wazee wa mahakama wala ruhusa ya kujitolea ushahidi. Kamishna aliyeamua kesi alipata dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia. Aliyemficha mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Sheria hii ndiyo iliyoufikisha utumwa mlangoni kwa watu wa Boston waliodhani hauwahusu.

Halafu Kansas, eneo lililo magharibi ya Missouri, juu ya mstari. Mwaka 1854 seneta Stephen Douglas, aliyetaka reli ipite magharibi, alifuta mstari wa 1820 na kuacha wakazi wajiamulie kuhusu utumwa kwa kura. Kasoro ilikuwa kwamba sheria haikusema kura ipigwe lini, wala nani hasa ni mkazi. Machi 1855 watu wa Missouri walivuka mpaka kwa makundi: wapiga kura halali hawakufika 3,000, kura zikazidi 6,000. Damu ikamwagika mwaka uliofuata.

Mwalimu wa Historia, Mtwara
Ahsanteni sana. Kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru kwa kuwa aliwahi kuishi kusikoruhusiwa utumwa, niiweke wapi? Na je, kuna ushahidi mfupi wa kuwathibitishia kwamba jambo lilikuwa ardhi mpya?

Msomaji wa Lindi
Iweke baada ya Kansas. Machi 1857 Mahakama Kuu, chini ya Roger Taney, ilisema Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo yasiyo majimbo bado, na kwamba Mweusi hawezi kuwa raia. Chama cha Republican kilikuwa kimeundwa kwa ajili ya kizuizi hichohicho, kwa hiyo hukumu ilikiambia sera yake ni kinyume cha katiba.

Ushahidi upo katika majira ya baridi ya 1860 kuingia 1861. Lincoln, mgombea wa Republican, alishinda urais akiahidi kutougusa utumwa ulipokwishakuwapo, ila usienee. Machi 1861 Bunge lilipitisha hata pendekezo la kuulinda kikatiba ndani ya majimbo. Lakini seneta Crittenden alipopendekeza mstari wa 36 na dakika 30 urefushwe hadi California, Republican walikataa. Wape wanafunzi mapendekezo hayo mawili bila majina, waulize lipi Kaskazini ilikubali na lipi ilikataa, kisha waandike sababu kabla hujawapa jibu.