Mama alinyonyesha watoto watano, bado saratani ya titi ikamchukua. Kunyonyesha kunasaidia kweli?

Mama Nasri, Tanga
Wapendwa habari zenu. Mama yangu alifariki mwaka juzi kwa saratani ya titi, akiwa na miaka 54. Alituzaa watano na kila mmoja alinyonya miaka miwili. Mimi kitinda mimba ilibidi apake shubiri ndipo nikaacha. Sasa nina mtoto wa miezi tisa. Nashona nguo hapa Ngamiani, na wifi yangu ananihimiza nimlikize nirudi cherehani kutwa nzima. Kliniki nesi akasema niendelee, maziwa yanamkinga mtoto na mimi yananikinga na saratani. Nilinyamaza, lakini moyo uliniuma. Mbona mama hayakumkinga? Anayejua anieleze ukweli, hata kama ni mchungu.

Muuguzi Mstaafu, Korogwe
Pole sana mwanangu. Nesi hakukudanganya, ila angesema "kunapunguza hatari". Mwaka 2002 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30: wanawake wapatao 50,000 wenye saratani ya titi, na karibu 97,000 wasio nayo. Kila miezi 12 ya kunyonyesha, ukijumlisha watoto wote, ilishusha hatari kwa asilimia 4.3, mbali na asilimia 7 kwa kila uzazi. Kwa hiyo hatari ya marehemu ilipungua, lakini haikuisha. Umri, urithi, unene, pombe, hayo maziwa hayayafuti.

Unaponyonyesha, hedhi huchelewa kurudi, na matiti hupumzika na estrojeni, homoni ya kike inayopanda kila mwezi. Tena seli za titi hukomaa ili zitoe maziwa, na seli iliyokomaa haigeuki saratani kwa urahisi.

Mtoto wa miezi tisa bado mdogo. Hushauriwa anyonye hadi miaka miwili au zaidi. Wenye ajira, sheria ya kazi ya 2004 inawapa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wewe cherehani ni yako, mtoto aletwe hapohapo.

Bint Kisauni
Dada, mimi kiliniota nikiwa nanyonyesha. Kinundu kama kokwa ya ubuyu, titi la kushoto. Kila mtu akasema maziwa yameganda. Nikakanda kwa maji moto, nikachana titi kwa chanuo, miezi minne ikapita. Maziwa yakiganda, kwa kawaida hulainika ndani ya siku chache. Kinundu kikipita wiki mbili usikikande tena, nenda ukapimwe, na habari za mama yako uzitaje mapema. Mimi nilitibiwa, huu ni mwaka wa sita.

Mama Nasri, Tanga
Shikamoo mama, na asante dada. Nimelia kusoma habari ya kinundu. Mama alipokigusa chake alituambia, "Mimi nimenyonyesha watano, saratani itoke wapi?" Akakaa nacho karibu mwaka.

Simlikizi Nasri. Nimeongea na wifi, atamleta dukani saa saba mchana. Dada yangu mkubwa ana miaka 41 na hajawahi kupimwa. Nimempigia usiku huuhuu. Jumatatu tunakwenda wote hospitali ya Bombo.