Mhariri kaniwekea mbalamwezi kwenye stori ya dagaa, na hela hajalipa

Wakuu mnisamehe uandishi, naandika nikiwa na hasira.

Mwezi wa pili nilituma stori kwenye jarida moja hivi (jina nalihifadhi), stori ya wavuvi wa dagaa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria nilikokulia. Stori nzima ilisimama kwenye giza. Mtu yeyote wa visiwani anajua dagaa wanavuliwa usiku usio na mwezi, mnawasha taa, wanafuata mwanga, mnawanasa na wavu. Mwezi ukijaa ziwa lote linang'aa, nani afuate kataa kako? Siku hizo watu wanapaki mitumbwi, wanashona nyavu, wengine wanapanda meli kwenda Mwanza kuona familia na mfukoni hamna kitu. Sasa jamaa wangu mtoto anaumwa, na mwezi ndo umejaa, anakaa nje ya kibanda anautukana. Ndo stori yenyewe, mtu anagombana na mwezi!

Jarida limetoka juzi. Mstari wa kwanza: "Chini ya mbalamwezi murua, walivua dagaa..." Nikadhani nimekosea ukurasa. Jamaa kapewa na ndoano. Ndoano ni za sangara huko jamani, kadagaa kenyewe hakafiki urefu wa kidole utakatoboa wapi? Ziwa limekuwa bahari, picha wameweka mzungu kavaa kofia kashika fimbo ya kuvulia. Halafu matusi ya mwezi wameyaacha ukurasa wa pili, yani mtu anavua kwa raha zake mara paap anautukana mwezi, chizi nitaonekana mimi niliyeandika.

Nimempigia mhariri eti "msomaji wa mjini anapenda mwezi, unaleta mahaba". Mahaba gani kwenye mtumbwi unaovuja, mnachota maji usiku kucha kwa dumu lililokatwa?

Kilichoniuma zaidi ni bamdogo. Kavua miaka 20, kasomewa jana mwaloni mbele ya wenzake, wamecheka mpaka wengine wamekaa chini. Akanipigia, "we si umekulia hapahapa?" Nikakosa jibu.

Elfu 60 tuliyokubaliana kila nikiuliza "inashughulikiwa". Leo asubuhi meseji ya mhariri imeingia nikajua muamala, kumbe anataka stori nyingine, ya sangara, "iwe na kina zaidi" na nimtumie kabla ya Ijumaa.