Gari ya Bibi

Rukia: Assalaam alaykum. Suala la gari ya Bibi limelala tangu Shaaban. Dalali wa Darajani kaniletea picha za Sienta, na ile Noah ya Fuoni bado ipo. Nataka jibu kabla ya sala ya Ijumaa.

Rukia: Mbona kimya? Tiki za buluu naziona.

Ami Hamad: Waalaykumu ssalaam. Mimi Noah. Ya 1998, chuma hasa, inabeba harusi nzima.

Rukia: Ami, Noah za miaka ile injini iko chini ya viti vya mbele. Ukikaa pale mchana unaiva kama mkate wa ufuta. Toyota wenyewe 2001 waliihamishia mbele, sakafu ikashuka. Bibi na magoti yale atapandaje kwenye hiyo ya zamani?

Seif: Tukaazime winchi bandarini 😂

Zuwena: Seif, bibi yako huyo 😂😂

Seif: Mkate wa ufuta umenitia njaa. Nani yuko Forodhani?

Rukia: Turudi kwenye gari!! Sienta imeanza kutengenezwa 2003. Watu saba, injini lita 1.5, urefu kama mita 4.1, kwa hiyo kijia cha Bibi inaingia. Milango ya kuburura pande zote mbili. Ile Noah ya Ami inao kushoto tu. Viti vya nyuma kabisa vinakunjwa vinaingia chini ya vya kati, magunia ya Shangazi yanakaa.

Shangazi Mwatima: Magunia yangu yamekukosea nini mwanangu?

Khamis: Kabla hatujachanga, pesa za gari ya marehemu ziliishia wapi?

Ami Hamad: Hayo yalikwisha.

Khamis: Yalikwisha kwenu nyinyi wakubwa.

Zuwena: Niko kwa Bibi, nimemsomea. Anasema: "Gari ya marehemu isitajwe humo. Mwenye suali aje barazani aniulize mimi. Na kadi ya hii isiandikwe jina la mtu mmoja. Mimi nataka nikikaa kwenye kiti mguu uguse chini."

Ami Hamad: Nimesikia, mama.

Khamis: Naam Bibi.

Rukia: Basi Sienta. Laki tatu kila nyumba, mwisho Jumapili.

Ami Hamad: Nimesema nimesikia, sijasema Sienta. Fundi aitazame giaboksi kwanza.

Rukia: Jumamosi asubuhi naenda na fundi. Ami, utakuja?

Seif: Rangi gani?

Mwalimu Omar (Wete): Ndo kwanza nashika simu. Mimi nimo, lakini mpaka mshahara utoke. Na hiyo kadi mtaandika jina la nani?