Kapu la shamba: ng'ambo ya Sabaki ama Gede? Walojaribu semeni

BintiMuyeye:
Wenzangu hamjambo. Nyumbani tuko watano na mboga za sokoni zimenichosha, mchicha wanunua asubuhi ikifika adhuhuri ushalala. Sasa huku Malindi kuna mashamba mawili yanaandikisha watu wa kapu la mboga la kila wiki. La kwanza ng'ambo ya mto Sabaki, walipa msimu mzima mbele, wiki 16 kwa 12,800, yaani kapu 800, na unalifuata mwenyewe darajani kila Jumamosi. La pili Gede, mwezi kwa mwezi, 3,600 kwa makapu manne, tuktuk inaleta mpaka mlangoni. Kwa hesabu yangu Sabaki naokoa 1,600 kwa hizo wiki 16 na roho yangu iko huko, lakini mume wangu asema ati natoa pesa ya mchicha ambao haujaota. Mwasemaje?

MuuzaMboga_Barani:
Mimi nauza mboga kwa hivo nipimieni maneno yangu. Dada, hiyo 800 njoo nayo sokoni mapema kabla jua halijawa kali, utajaza kapu na nyongeza utapewa, na utachagua mwenyewe. Kwenye hayo makapu wachaguliwa. Wiki ya tano mfululizo ya sukuma wiki utanikumbuka.

MamaWawili:
Nilishalipa mbele mimi, 2023, shamba silitaji. Makapu manne ya kwanza mashallah, kunde changa, bamia, biringani, nyanya zimeivia mtini, mchicha waja na mizizi na mchanga wake mwekundu wauweka kwenye beseni la maji siku tatu bado umesimama. Halafu zikaja zile mvua za El Niño, mto ukapanda, shamba likawa bahari, pampu ikavutwa kwa kamba. Wiki sita hakuna kitu. Kisha nikaletewa matikiti matatu madogo hivi na pole. Wallahi mafuriko hayakunichoma, hayo ni ya Mungu, kilichonichoma ni simu kuzimwa. Angetuma hata sauti ya dakika moja, jamani shamba limekwenda, ningemwambia pole na msimu ujao ningelipa tena.

BintiMuyeye:
@MamaWawili pole dadangu. Na hela haikurudi?

MamaWawili:
Hata senti.

Kijana_wa_Shela:
Lakini ndo maana ya huu mpango tangu mwanzo jamani, watu wanauchukulia kama duka la bei rahisi. Japani akina mama walianza na wakulima miaka ya 1970 sababu walikuwa wanaogopa madawa kwenye chakula, wakauita teikei, Marekani mashamba ya kwanza ya namna hii ni 1986, na kote mteja anabeba hasara pamoja na mkulima, msimu ukiwa mzuri kapu linafurika na ukiwa mbaya mnakula mchicha mtupu wote. Hiyo 1,600 unayosema unaokoa si punguzo, ni malipo yako ya kubeba mto. Swali ni kama unaweza kuubeba.

Mkulima_Kakuyuni:
Salamu wanangu. Hayo mashamba mawili si yangu. Mkulima anaomba mbele sababu mbegu, mafuta ya pampu na vibarua vyote vyataka pesa kabla jani halijaonekana, na asiyelipwa mbele hukopa, mkopo nao hauna huruma. Sasa binti yangu, usiulize bei, uliza maji. Mto ule maji yake yatoka Athi huko upande wa Nairobi, kwa hivo usitazame mawingu ya Malindi, hapa jua lawaka na shamba lazama. Muulize shamba liko umbali gani na ukingo na ana kipande cha juu ama vyote viko bondeni. Huko Gede uliza kisima, Januari mpaka Machi wakati wa kaskazi visima vingine pwani hii huingia chumvi, mchicha wavumilia, maharagwe hayavumilii hata kidogo. Na wote wawili: likiharibika shamba, mwatuambia siku hiyo hiyo ama mwangoja tupige simu?

BintiMuyeye:
Shikamoo mzee, na ahsante sana. Nimewapigia wote leo. Wa Sabaki nilipouliza habari ya mafuriko akacheka, akasema inshallah hayatakuja, nikamuuliza na yakija, akanyamaza. Wa Gede amenambia kisima chake mwezi wa pili hupungua, kwa hivo kapu huwa na muhogo na viazi vitamu zaidi kuliko majani, na Ramadhani akipata ndizi mbichi atia. Hajanificha.

Mkulima_Kakuyuni:
Marahaba. Huyo anayekwambia mapema kisima kinapungua mshike.

MuuzaMboga_Barani:
Haya mwende, mkikosa nyanya mwanijua nilipo 😂

BintiMuyeye:
Nyanya na vitunguu ntakuja kwako tu kaka, hivo hawana. Naanza na mwezi mmoja Gede. Jumamosi naenda kuliona shamba lenyewe na hicho kisima, kwenye tuktuk kuna nafasi mbili, aliye Muyeye ama Maweni anambie kabla ya Ijumaa usiku.