Laini kufa ghafla, simu kunywa maji ya chumvi, meseji za "tuma kwa namba hii": watu wa Tanga tupeane uzoefu

FundiNgamiani
Wakuu, salaam. Habari ya yule mama wa Deep Sea aliyepokonywa laini imefika mpaka Mgandini, na watu wanaisimulia nusu nusu. Naanzisha uzi ili kila mwenye ujuzi aweke chake hapa. Simu ikiibiwa utanunua nyingine. Laini ndiyo yenye pesa zako, WhatsApp yako na jina lako, na ndiyo watu wanaiacha wazi.

Bint_Sahare
Kweli kabisa. Tena siku hizi meseji zinaingia mpaka usiku wa manane.

KangeStendi
Mimi naomba mnisaidie la simu iliyoingia maji ya bahari. Niiweke kwenye mchele siku ngapi?

Mzigua_wa_Pongwe
Mbili zinatosha.

FundiNgamiani
Hata saa moja usiiweke, kaka. Apple wenyewe mwaka 2024 waliwaambia watu waache mchele, kwa kuwa chembe zake zinaingia ndani na kuharibu. Maji ya bahari ni mabaya kuliko ya bomba, kwani maji ya chumvi yanapitisha umeme zaidi na shaba ya kwenye bodi (ule ubao wa saketi ndani ya simu) inaanza kuliwa papo hapo kama simu bado inawaka. Izime. Usiichaji "kujaribu". Toa laini na kadi ya memori, mpelekee fundi aifungue na achomoe waya wa betri kabla ya kitu kingine chochote.

Mzigua_wa_Pongwe
Spiriti tu inamaliza kazi, mnawatisha watu bure.

FundiNgamiani
Spiriti peke yake haimalizi, kwa sababu chumvi haiyeyuki vizuri ndani yake. Betri ikishatoka, bodi inasafishwa kwanza kwa maji ya betri yale yasiyo na asidi, yanayouzwa sheli, kwa mswaki laini. Halafu ndiyo isopropili (aina ya spiriti kali) ya asilimia 99 inafuata, kuyafukuza yale maji ili bodi ikauke upesi. Ukiruka hatua ya kwanza, baada ya wiki chache utaona ukijani kwenye tundu la chaji, na mteja anarudi analalamika kwamba fundi kamwibia.

Mzigua_wa_Pongwe
Haya, la maji ya betri nimelikubali. Ila spiriti ya dukani imeokoa simu nyingi Makorora.

Mama_Chumbageni
Jamani acheni bodi, turudi kwa yule mama. Namjua kwa karibu na niliyoyasikia kwa mwanawe ni haya.

Jioni laini yake iliandika "dharura pekee". Akadhani mtandao unasumbua, kama kawaida yetu mvua ikinyesha, akalala. Asubuhi mwanawe akaichomeka laini kwenye simu nyingine, hali ile ile, na majirani wenye mtandao huo huo wanapiga simu vizuri. Hapo ndipo walipostuka. Kwenda kuuliza, namba imeshahamishiwa kadi nyingine usiku ule. Pesa ya samaki ya wiki nzima imetolewa yote. WhatsApp yake inaomba watu mkopo, na shoga yake mmoja wa Muheza ameshatuma.

Chanzo? Siku chache kabla, kijana mwenye mwavuli alimwambia usajili wake una kasoro. Kidole kikawekwa, "hakijasoma mama, weka tena", kikawekwa tena na tena. Namba ya NIDA akaisoma kwa sauti. Na namba ya siri ya pesa kijana huyo huyo alishaiona siku aliyomsaidia kutoa hela.

Bint_Sahare
Subhanallah. Pole yake.

Raskazone_Mjini
Samahani, ila namba ya siri anampa vipi mtu? Hapo kajitakia.

Mama_Chumbageni
Kaka yangu, mama yule macho hayaoni maandishi madogo na menyu haijui. Kumwomba kijana msaada si kujitakia. Mwizi ndiye wa kulaumiwa.

FundiNgamiani
Dada yuko sahihi. Tuseme ya kufanya.

Kila kidole kinachorudiwa kinaweza kuwa laini nyingine kwa jina lako. Piga *106#, fuata menyu uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la huduma kwa wateja na kitambulisho waifute, maana ikitumika kutapeli polisi watakutafuta wewe.

Laini ikifa na majirani wana mtandao, usingoje asubuhi. Azima simu ya mtandao wako, piga 100, waambie wafunge laini na akaunti ya pesa kwanza. Maswali baadaye.

Bint_Sahare
Na WhatsApp?

FundiNgamiani
Isajili upya kwa namba yako mara tu laini ikirudi. Ukiweka tarakimu sita zinazokuja kwa meseji, mwizi anatolewa hapo hapo. Akiwa ameweka PIN yake ya hatua mbili (namba ya siri ya pili ambayo WhatsApp inaiuliza baada ya tarakimu sita) utasubiri siku 7 kuingia, lakini naye hayumo tena. Ndiyo maana PIN hiyo iweke wewe mapema, na barua pepe ya kuirejesha ukiisahau.

KangeStendi
Nimesikia wengine wanaambiwa wapige nyota 21 nyota namba fulani ili washinde zawadi.

FundiNgamiani
Hiyo inahamishia simu zako kwa tapeli, na tarakimu za WhatsApp zinazosomwa kwa sauti anazisikia yeye. Kagua kwa *#21#. Kufuta uhamishaji wote ni ##002#.

Raskazone_Mjini
Meseji za "ile hela tuma kwa namba hii" mimi nazifuta tu.

Mama_Chumbageni
Usizifute bila kuripoti. Ipeleke 15040, namba ifungwe isimfikie mwingine.

Mzigua_wa_Pongwe
Dawa ni kufunga laini kwa PIN. Simu ikiibiwa, laini haifanyi kazi kwenye simu nyingine.

FundiNgamiani
Kweli, ila usibahatishe. PIN ya mwanzo iko kwenye lile kadi kubwa laini ilimobanduliwa. Ukikosea mara 3 inataka PUK, yaani namba ndefu ya kuifungulia laini, na PUK ukikosea mara 10 kadi imekufa.

KangeStendi
Lile kadi nilishalitupa.

FundiNgamiani
Piga 100 kabla hujagusa chochote, wakutajie PUK, uiandike kwenye karatasi ya nyumbani. Simu ya bahari ilete kesho, na usiiwashe njiani.