UKOO WA MUHEZA 🌴

JUMATATU

[19:02] Da Zawadi: Assalaam aleikum ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mwenye mashine ya karaoke ya sherehe ya kumuaga Shangazi anataka kianzio laki moja kabla ya Ijumaa, la sivyo Jumamosi ile anampa mtu mwingine. Waliochanga mpaka sasa ni mimi na Mama Shani. Basi.

[19:20] Da Zawadi: Naona mmesoma. Tiki za bluu zimejaa hapa.

[19:41] Kaka Hamisi: Waaleikum salaam. Mimi nachangia sauti, pesa watoe wengine 😂

[19:42] Mama Shani: 😂😂😂

[19:42] Da Zawadi: Hamisi, nina haraka.

[19:44] Kaka Hamisi: Sauti hii ilishafukuza ngedere shambani. Muulize Mama Mdogo.

[19:47] Mama Mdogo: Ni kweli. Mwaka ule hatukupoteza hindi hata moja.

[20:10] Baba Mdogo Rashidi: Mimi nasema tuite kikundi cha taarab. Dada kafundisha shule miaka yote hiyo, leo anastaafu tunamuaga kwa mashine ya baa?

[20:13] Da Zawadi: Shikamoo Baba Mdogo. Taarab naipenda sana. Ila tutakaa kwenye viti, tutaimbiwa, tutainuka kutunza, tutarudi kukaa. Shangazi kaimbisha watoto wa watu darasani maisha yake yote. Siku yake nataka ashike maiki yeye, na wale aliowafundisha wamuitikie. Ndiyo maana nang'ang'ania.

[20:15] Baba Mdogo Rashidi: Marahaba. Bado ni ya baa.

JUMANNE

[01:15] Omari Kobe: Shikamoo Baba Mdogo. Huku kumeshakucha. Hiyo mashine imezaliwa mji huuhuu ninaoishi, Kobe, Japani. Kulikuwa na mwanamuziki wa kwenye vilabu vya hapa, Daisuke Inoue. Mteja wake mmoja, bosi wa kampuni, alikuwa hawezi kuimba mpaka apigiwe na yeye. Bosi akawa na safari, Inoue hawezi kwenda, akamrekodia kanda ya ala tupu aende nayo. Bosi karudi kafurahi, anataka kanda nyingine. Ndipo jamaa akapata wazo. Mwaka 1971 akaunganisha redio ya kanda ya gari, ampilifaya, maiki na kisanduku cha kutumbukizia sarafu ya yen 100. Alianza na mashine 11, akazikodisha kwenye baa za hapa.

[06:31] Kaka Hamisi: Redio ya gari? Omari, hiyo umemuuzia wewe 😂

[06:33] Baba Mdogo Rashidi: Umeona? Baa.

[06:50] Omari Kobe: Ilianzia baa, haikubaki huko. Miaka ya 80 kule Okayama kontena la mizigo liligeuzwa chumba cha kuimbia. Siku hizi watu wanakodi chumba kwa saa, bibi na wajukuu, wanafunzi wakitoka shule, wengine huenda peke yao mchana. Mnafunga mlango, mnachagua nyimbo. Muda ukikaribia kwisha simu ya ukutani inalia, mnaulizwa mnaongeza au mnatoka. Soda na chai zipo, pombe si lazima.

[06:52] Omari Kobe: Na Inoue hakuiwekea hati miliki ya uvumbuzi. Kampuni kubwa zikaingia, utajiri wakachukua wao.

[07:05] Tunu Kampala: Jamani, mkikodi huku kwetu mtashangaa. Karioki ya hapa ilikuwa vijana wanapanda jukwaani, wimbo unapigwa mzima na sauti ya mwenyewe, wao wanachezesha midomo na viuno.

[07:06] Kaka Hamisi: HIYO HIYO. Nakubali, natuma elfu ishirini sasa hivi.

[07:07] Da Zawadi: Tuma basi.

[07:40] Da Zawadi: Hamisi?

[09:12] Shani Dubai: Omari, usilete habari hiyo kazini kwetu, Wafilipino watakutoa macho. Kwao aliyeibuni ni Roberto del Rosario. Yeye ndiye aliyekuwa na hati, na Mahakama ya Juu ya kwao ilimpa ushindi mwaka 1996. Siku ya mapumziko wanaweka spika chumbani, hakuna anayeruhusiwa kukaa bila kuimba. Hata mimi nimeimba.

[09:20] Omari Kobe: Na kabla yao wote kulikuwa na mzee wa Tokyo, Shigeichi Negishi, 1967. Kiwanda chake kilikuwa cha redio za magari. Mfanyakazi wake alimtania anavyoimba vibaya, akataka asikie sauti yake juu ya ala, akaunda kisanduku chake. Kafariki Januari 2024 ana miaka 100.

[09:22] Kaka Hamisi: Kachekwa, kaishi miaka 100. Nichekeni jamani.

[12:30] Da Zawadi: LAKI MOJA. IJUMAA. Tuna elfu sitini na tano. Spika na turubai tukipata za ndani ya ukoo tutapunguza gharama. Baba Mdogo, zako zipo?

[12:48] Baba Mdogo Rashidi: Zipo.

[12:50] Mama Mdogo: Spika zile za Korogwe?

[12:51] Baba Mdogo Rashidi: Nani kataja Korogwe?

[12:51] Mama Mdogo: Mimi.

[13:30] Baba Mkubwa Juma: Ya Korogwe nilishalipa.

[13:32] Baba Mdogo Rashidi: Ulilipa nusu. Na yale uliyoyasema mbele ya wakwe hayalipiki.

[13:33] Baba Mkubwa Juma: *Ujumbe huu umefutwa*

[13:35] Kaka Hamisi: Tuanze na wimbo gani? 🎤

[13:35] Tunu Kampala: Hamisi, sasa hivi nyamaza.

[14:02] Omari Kobe: Wazee wangu, naomba niseme moja. Mwaka 2004 Inoue alipewa tuzo ya Ig Nobel ya amani kule Harvard, zile tuzo za kuchekesha kwanza halafu zikufikirishe. Walisema kawapa watu njia mpya kabisa ya kujifunza kuvumiliana.

[14:05] Da Zawadi: Mmesikia wenyewe.

JUMATANO

[10:20] Asha Muheza: Naandika mimi Asha, maneno ni ya Bibi. "Nimesomewa yote. Binti yangu ataimba mkitaka, kwa mashine au kwa mdomo mtupu, mimi sina neno. Lakini sitoki kwangu kuja kukaa kwenye sherehe ambayo wanangu wawili wanapishana mlangoni kama wapangaji. Juma, Rashidi, kesho baada ya Magharibi mje hapa. Msije na mtu."

[10:21] Asha Muheza: Kasema nisiongeze lolote.

[15:44] Baba Mdogo Rashidi: Shikamoo Mama. Nitakuja.

[22:50] Baba Mkubwa Juma: 🙏🏾

ALHAMISI

[08:00] Da Zawadi: Asubuhi njema. Omari katuma elfu hamsini, Mungu ambariki, sasa kianzio kimevuka. Tatizo jipya: mwenye mashine nyimbo za Kizungu anazo tele, zile za zamani za Shangazi ana ala tu, maneno kwenye skrini hayapo. Mama Mdogo, uimbe nikurekodi, nitayachapa mimi usiku.

[08:40] Mama Mdogo: Beti la pili la ule wa kwaya sikumbuki. Muulize Mama Shani.

[11:15] Mama Shani: Beti la pili tulikuwa tunaruka.

[11:16] Kaka Hamisi: Elfu ishirini yangu itakuja mwisho wa mwezi.

[11:16] Da Zawadi: Sherehe ni kabla ya mwisho wa mwezi, Hamisi.

[16:30] Da Zawadi: Maiki ni mbili, ya tatu inalipiwa. Mimi naona tuchukue, wanafunzi watakuwa wengi. Anayepinga aseme leo.

[19:25] Da Zawadi: Na taarab je? Baba Mdogo, nifunge hesabu bila taarab?

[19:31] Da Zawadi: Mwenye mashine ananipigia sasa hivi, anataka jibu la maiki na la spika. Nimwambie nini?

[19:58] Baba Mdogo Rashidi: Mwambie asubiri. Bado tuko kwa Mama.